Jiwe Lililotoboa Bati

Osiri, Machi 3, 2025

Liz mwanangu,

Salamu nyingi. Huko Kosele mnaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu na huu mkasa. Alhamisi alfajiri jiwe lilitoboa bati likatua kwenye mto wangu wa kulalia. Nimepona kwa sababu nilikuwa jikoni nikikoka moto! Kila mtu anasema ni baba mdogo wako Byron, kwamba ni jajuok, mchawi anayekimbia usiku akirushia watu mawe. Nami nasema hivyo hivyo. Tangu tugombanie mpaka wa shamba, hajanisalimia.

Wachimbaji dhahabu wanasema jiwe kama hili hawajawahi kulitoa mashimoni. Nakutumia kipande. Wewe ni mwalimu wa sayansi, niandikie kwamba limetoka kwake, nimpelekee chifu.

Mamako

Kosele, Machi 24

Mama mpendwa,

Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima. Nilipeleka kipande kwa mhadhiri wangu wa zamani. Alikikata, akakipima, akanipigia simu akipiga kelele. Mama, jiwe limetoka angani! Kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa miamba inayozunguka jua, inaitwa asteroidi. Hilo lilimeguka kutoka kwenye mmojawapo. Ule weusi wa nje ni kuungua likishuka. Hakuna mkono wa mtu uliolirusha.

Baba mdogo hana kosa lolote. Tafadhali msomee barua hii, umwombe msamaha. Simu yako haipatikani, kwa hivyo barua nampa dereva wa lori la miwa anayepitia Awendo.

Binti yako, Liz

Osiri, Aprili 9

Liz,

Leo sina salamu. Barua yako ilifika Jumamosi. Byron tulimzika Ijumaa. Vijana walimpiga mpaka akafa.

Nimeisoma mbele ya waombolezaji, yote, hata hayo ya Mirihi. Kisha jirani yetu Machuki akauliza, "Kama lilitoka juu, mbona Byron alikubali ni yeye?"

Niliikunja barua nikaingia jikoni. Wewe nakujibu. Vijana walipozingira boma lake, niliingia ndani nikamwambia, "Shemeji, kubali tu yaishe. Hawatakugusa."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikasema ndiyo. Akatoka nje, akakubali.

Mamako