Dakika Kumi za Kulala Chali

3 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Wodi yako haijambo, na hiyo miguu inayovimba zamu ikirefuka? Mimi mzima, ila mgongo. Daktari aliniuliza ninalalaje, nikamwambia ukweli: kwenye kiti, tangu mdogo wetu Mwanzi afariki. Miaka mitatu. Akaniandikia mazoezi badala ya dawa.

Basi Jumamosi asubuhi nilikwenda bustani iliyo nyuma ya maktaba. Tulikuwa watu kama ishirini, kila mmoja na mkeka wake. Nusu ya kwanza wanaiita bare, mazoezi ya wacheza baleti: unashika reli ya chuma ya ukingoni, unainua visigino, unakunja magoti kidogo na kutulia hapo hapo mpaka mapaja yatetemeke. Mwalimu, mwembamba kama sindano ya kudarizi, akasema, "Kutetemeka ni dalili njema." Nikamwambia basi mimi nimejaa dalili. Walicheka.

Nusu ya pili ni yoga. Nayo niliimudu, fundi cherehani kuinama ndiyo kazi yake. Lakini mwishoni wanalala chali dakika kumi, macho wamefumba, viganja juu. Mlalo huo una jina lake: maiti.

Dada, mimi nilibaki nimekaa. Nikawa natazama vifua vyao kimoja kimoja, kama vinapanda. Mkeka wa pembeni yangu haukuwa na mtu. Nao niliutazama, nikingoja upumue.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Miguu ni ile ile, wagonjwa ndio wapya.

Usiache hayo mazoezi. Mwili wa kukaa macho miaka mitatu utakuangusha siku moja juu ya cherehani. Lakini nikuulize, maana nilifika nyumbani kwenu watu wamekwisha lia: mchana ule kulitokea nini hasa? Hujawahi kunisimulia.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa kuniuliza. Wengine huzunguka.

Tulirudi kutoka kazini saa nane mchana, hoi, tukajitupa kitandani pamoja kama kawaida yetu. Nilipoamka, Mwanzi alikuwa chali. Nikasema moyoni, mtoto kachoka, mwache. Nikamfunika shuka, nikapunguza redio, nikachemsha chai. Saa nzima nilikuwa nazunguka chumba kile, namsimulia kwa sauti ya chini vituko vya bosi wangu. Kuna mahali nilicheka peke yangu. Nilipompelekea kikombe ndipo nilipomgusa mkono.

Ningemwamsha mapema, dada. Hilo tu. Ningemwamsha.

Mazoezini nimerudi mara nne, na mara nne nimeshindwa kulala. Ule mkeka bado unatandikwa pembeni yangu. Mwalimu anasema ni wa ziada, kwa atakayechelewa. Lakini Jumamosi iliyopita ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ndiyo kwanza ameinuka.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

U hali gani? Najua umengoja. Miezi mitatu naandika barua hii na kuichana.

Wiki sita kabla ya siku ile, Mwanzi alikuja hospitali kwetu. Alikuwa akiishiwa pumzi kwenye ngazi. Nilikuwepo chumbani daktari alipomwambia moyo wake ni mbovu, na unaweza kusimama saa yoyote, hata usingizini. Aliwekwa kwenye foleni ya upasuaji. Tulipotoka, aliniapisha nisikwambie.

Nilinyamaza. Baada ya mazishi nikazidi kunyamaza, maana kila siku iliyopita ilifanya maneno yawe mazito zaidi. Sikujua kwamba umejibebesha kosa. Au nilijua, nikajifanya sijui.

Usingemwokoa. Kama moyo wake ulisimama mkiwa mmelala wote wawili, hata kumwamsha kusingesaidia. Ungeweza kulijua hili miaka mitatu iliyopita, na mimi ndiye niliyekunyima.

Dada yako

30 Septemba

Dada,

Leo sikuamkii. Utanistahimili.

Barua yako niliisoma nikaifungia kwenye droo ya vifungo. Nilikuwa na hasira hadi nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Miaka mitatu kwenye kiti, dada, nawe ukiniandikia habari za miguu yako.

Jumamosi nilikwenda bustanini na hasira yangu, na mwalimu aliposema tulale, nikalala. Macho nikafumba. Kisha pembeni yangu nikasikia mtu anajilaza taratibu kwenye mkeka, akishusha pumzi kama atokaye kazini. Huenda alikuwa mchelewaji. Sikutazama. Sikusikiliza kama anapumua. Dakika kumi zilipokwisha, mkeka ulikuwa mtupu, na mimi shavu limelowa.

Sijakusamehe bado. Nataka kitu kimoja tu kwako. Siku ile alipokuapisha, alisema nini? Niandikie maneno yake mwenyewe, usipunguze wala usipambe.

Mdogo wako

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Tulikuwa kwenye benchi la nje ya maabara, anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Mwambie mwenzako, mnalala kitanda kimoja." Akatikisa kichwa bila kuniangalia. Akasema:

"Namjua yule. Ukimwambia, hatalala tena. Atakaa kitako ananiangalia ninavyopumua. Mwache alale, dada. Mmoja wetu alale."

Dada yako