Nilipaswa Kukuuliza Tena

Ngaremara, Isiolo

Guyo rafiki yangu,

Nagaya. Naanza kama ulivyonifundisha, amani kwanza, mengine yafuate. Zamani tukiandikiana likizoni nilikuwa naanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Leo siwezi. Hofu kwako iliisha siku ile tuliyokuzika, na sasa huu ni mwaka wa nane.

Habari za huku ni kwamba nilimaliza chuo, nikawa mwalimu kweli. Nafundisha hapa Ngaremara, madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, wengi wao watoto wa Waturkana ambao hawaogopi kitu isipokuwa hesabu za kugawanya. Mama yangu bado anauza mboga pale Chechelesi, Isiolo mjini, na akipika chapati lazima aseme Guyo angekula sita. Nimeoa pia. Ulisema hakuna mwanamke atakayevumilia kukoroma kwangu, lakini amepatikana. Barabara ya kwenu Kinna bado ni vumbi tu.

Lakini si hayo yaliyonifanya nichukue kalamu. Wiki jana wenye malori waligoma tena, wakatandaza mawe barabarani, gari hazipiti. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa, nikaona vijana wawili wa sekondari wanapita kwa miguu, shanta mgongoni, mmoja anaimba na mwenzake anamwambia anyamaze. Nikawaangalia mpaka wakapotea. Kisha nikarudi ndani nikawapa watoto hesabu, na mpaka leo sijazisahihisha.

Unakumbuka chuo kilivyofungwa? Tuligoma kwa sababu ya maharagwe yenye dudu, mkuu wa chuo akatupa saa moja tuwe tumetoka, na huko nje tukakuta ni kama nchi nzima imegoma pamoja nasi. Meru hakukuwa na basi hata moja. Madereva walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na magogo, na penye hawakufunga wao polisi walikuwa wamefunga. Mimi nilitaka kukaa chini nilie. Wewe ukacheka, ukasema watu wenu walitembea kabla gari halijazaliwa. Tukabeba shanta zetu, tukashika njia ya mkato ya Ruiri kuteremka Isiolo.

Ile siku ya kwanza naipenda mpaka leo. Uliimba nyimbo za ngamia njia nzima, nami nikakuambia kama ngamia anaimbiwa hivyo basi namhurumia. Tulinunua ndizi kwa mama mmoja aliyetuuliza sisi ni wakimbizi wa wapi. Ulimjibu tumekimbia maharagwe. Nimejaribu kuwasimulia watu jambo hilo, Guyo, lakini hawacheki kama tulivyocheka sisi.

Siku ya pili hukuimba. Ulikuwa unabaki nyuma, nami nikageuka nikakuuliza, "Uko sawa?" Ukajibu, "Nagaya." Nikaendelea na safari.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba kwenu mtu akiulizwa hali hujibu amani, hata kama ng'ombe wote wamekufa, hata kama ametoka kuzika, na habari yenyewe hungoja mpaka aulizwe tena. Nilikutania sana kwa hilo. Nilisema ninyi nyumba ikiungua mtasalimiana kwanza, lakini sisi Wameru ukituuliza habari tunaanza na mgongo unaouma. Yaani nilijua kabisa, na sikuuliza tena. Nilitaka tufike kwa mama kabla ya jua kuzama. Nikakuambia, "Wacha uvivu, bwana."

Neno hilo. Natamani ningelimeza.

Ulipofika kwetu ulikuwa unatetemeka jua likiwa bado linawaka. Asubuhi tulikupeleka hospitali kwa mkokoteni kwa sababu gari hakuna, mimi nasukuma, mama anakufunika na leso yake. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umeenda. Wazee wa msikiti walikuja, wakakuosha, wakakuzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mimi Mkristo nilisimama nyuma ya watu wote na shanta yako mkononi. Nilikuwa hata sijui niiweke wapi.

Mzee mmoja alisema habari itapelekwa Kinna na yeyote atakayepita, barabara ikifunguliwa. Nikakataa. Niliwaza mama yako akiambiwa na mtu wa lori ambaye hata jina lako halijui vizuri, nikasema nitaenda mwenyewe. Na ukweli ni kwamba niliogopa kitu kingine pia. Nilitaka anihukumu yeye, kwa sababu hakukuwa na mwingine mwenye haki hiyo.

Nilitembea siku tatu. Shanta yangu mgongoni, yako kifuani. Kila kizuizi polisi walifungua zote mbili, na kila mara niliulizwa kwa nini mtu mmoja anabeba suruali za watu wawili. Mara ya kwanza nilieleza. Baadaye nilikuwa nasema tu ni za ndugu yangu. Wafugaji walinipa maji, wakanionyesha njia, na jioni ya tatu nikafika kwenu.

Mama yako aliiona shanta yako kabla hajauangalia uso wangu. Lakini alinisalimia vilevile. Nagaya? Nagaya. Akauliza, "Mama yako, nagaya?" Nagaya. Mvua ya Isiolo, barabara, mifugo uliyoipita njiani? Nagaya, nagaya. Kisha akauliza, "Na Guyo?" Mungu anisamehe, nikamwangalia machoni nikajibu, "Nagaya."

Akanimiminia maziwa, yale yenu yenye harufu ya moshi. Akangoja mpaka nikamaliza. Nilipoweka kikombe chini akauliza mara ya pili, polepole, "Na Guyo?"

Ndipo nikamwambia yote. Homa, mkokoteni, kaburi. Nikamwambia pia kwamba nilikuuliza hali mara moja tu, halafu nikakuita mvivu.

Alikiokota kikombe. Akasema, "Hata mimi angenijibu hivyo." Mimi nikafikiri amenisamehe. Kisha akasema, "Lakini mimi ningemuuliza tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia uliyopita bila kuiona. Halafu akaichukua shanta yako, akaikumbatia, ndipo akalia, nami nikalia. Nilikaa kwake mpaka barabara ikafunguliwa, nikichota maji na kuchunga mbuzi zenu vibaya sana.

Tangu hapo naenda kwake kila chuo kilipofungwa, na sasa kila shule ikifungwa. Macho yake yamekuwa hafifu, lakini ananijua kwa hatua. Ananiuliza hali, najibu nagaya, nakunywa maziwa, ananiuliza tena. Mara ya pili ndipo namwambia ukweli, kwamba mtoto wangu alikuwa mgonjwa, kwamba nimegombana na mke wangu, kwamba nimekuota. Hakuna mtu mwingine ninayemwambia hivyo.

Hapa shuleni watoto wananiita Mwalimu Tena. Mtoto akisema hajambo, namngoja kidogo, namuuliza tena. Wanacheka. Lakini mwezi uliopita msichana mmoja, nilipomuuliza tena, aliniambia hajala kwa siku mbili.

Desemba iko karibu, na mawe bado yako barabarani. Nakuahidi nitafika kwa mama yako hata wakifunga mpaka njia za mbuzi. Shanta yangu ni ile ile, miguu ndiyo imezeeka kidogo. Nimekukosa, Guyo. Nimekukosa hata ule wimbo wa ngamia.

Lala salama. Siku tutakayoonana utaniuliza hali yangu, nami nitajibu nagaya. Usiniamini. Niulize tena.

Rafiki yako,
Mutwiri