Siga ya Nikaragua Sebuleni

Faustina, sikia ya usiku huu. Umeme umekatika, nasikia kiberiti kinakwaruzwa sebuleni. Natoka na tochi ya simu, namkuta baba mkwe na shemeji Sosthenes wamewasha siga ya Nikaragua, nene kama kidole gumba. Na mwanangu Joachim mwenye pumu kalala kwenye kochi hapo hapo.

Sosthenes akaanza utani wake: "Onja, msomi wa madarasa ya jioni, utupe hukumu. Hii inaishinda ya Kuba."

Nikaonja. Moshi mdomoni tu, sikuumeza.

Nikasema: "Ni nzuri kweli. Inaanza na kahawa, inamalizia na pilipili. Sasa ikavutiwe nje."

Shoga, nilisema namtazama baba mkwe usoni. MIMI. Unajua kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami mkwe, sembuse kumwamuru.

Sosthenes: "Kesho unarudishwa kwenu Tukuyu."

"Nirudishwe. Mwanangu atakuwa anapumua."

Mzee ananiangalia, anaiangalia siga. Sikuinamisha macho. Narudia, sikuinamisha.

Nikaenda jikoni kumchemshia mtoto maji. Narudi, Joachim kaamka, kasimama dirishani.

"Mama, babu anavutia nje."