Vipande vya Kibuyu

Jumatatu, tarehe 8
Nimefungua duka saa moja kama kawaida. Sukari nusu gunia. Lori la Mwingi halijafika, siku ya tano sasa. Redio inasema barabara zimefungwa. Vijana wanasema ni mapinduzi. Mtandao umekufa, pesa za simu hakuna. Sarafu nazo zimepotea Zombe nzima, kila mtu amezificha. Nimewarudisha wateja saba kwa kukosa chenji. Aibu tupu.

Jumanne, tarehe 9
Nimekata kibuyu kikuukuu vipande vya mviringo, nivitoe kama chenji. Kimoja shilingi kumi. Ili mtu asivighushi, nilipasha moto chuma cha marehemu mume wangu, Musyoka, alichokuwa akichapia mizinga yake ya nyuki, nikavipiga chapa kimoja kimoja. Duka lilijaa moshi. Nimemkumbuka mno.

Alhamisi, tarehe 11
Vipande vinatembea! Mama mboga anavipokea, mwenye kinu cha unga anavipokea. Jana kwenye maombi viwili viliingia sadakani. Mchungaji alivigeuzageuza, akavirudisha kikapuni. Nimejivuna kidogo, Mungu anisamehe.

Ijumaa, tarehe 12
Mjinga mimi. Chapa ile si ya Musyoka peke yake, ni ya ukoo wao wote. Kilicho na chapa hiyo ni chao, na deni lake ni lao. Nimelijua hilo tangu niolewe. Siku ile nilikuwa namfikiria Musyoka tu. Sasa kaka yake, Kilonzo, ameita kikao kesho. Shemeji huyu hajanisemesha tangu tumzike Musyoka, miaka mitatu. Duka limesimama kwenye ardhi ya ukoo. Wakinikana, naondoka. Naogopa.

Jumamosi, tarehe 13
Wazee tisa. Mimi nimesimama mbele yao. Mmoja akasema nimeuza jina lao. Kisha Kilonzo akasema, "Kuna mtu hapa Zombe amelala njaa hii wiki? Hakuna. Basi hii deni ni yetu sisi wote. Na huyu mama ni wetu."
Akavaa kofia, akaenda zake. Nililia mbele ya wanaume wote na sijali.

Jumatano, tarehe 17
Barabara imefunguka. Lori limeshusha sukari na unga. Sarafu zimeanza kuonekana. Watu wanarudisha vipande polepole, nami nawalipa. Kilonzo alikuja adhuhuri, mikono mitupu. Akaketi juu ya gunia la maharagwe. Hakuuliza lolote kuhusu hesabu. Akanisimulia jinsi Musyoka, akiwa mdogo, alivyoiba asali akala hadi akalala malishoni, ng'ombe wakarudi nyumbani peke yao. Kisa hicho sikuwa nakijua. Miaka mitatu sikuwa nimesikia jambo jipya kuhusu mume wangu. Nikamwambia aendelee.