Sufuria Ndani ya Mtumbwi wa Vakanse

Mama Furaha,

Niwie radhi kukuandikia kabla sijaja kung'oa majani kaburini pako. Nimerudi Kilibula juzi, miguu imevimba kwa ndege, na kichwa hakijatulia. Mtoto wetu alinialika kwake Norveji, huko Ulaya, kwa vakanse, wakati wa likizo yake. Akasema tutashuka mto katika mtumbwi wa mpira, mto wa mawe na maji meupe yanayonguruma. Nilidhani sikusikia vizuri.

Asubuhi ya kwenda, mikono yangu ilifanya yenyewe yale uliyoifundisha. Nikachukua sufuria ndogo jikoni kwa Furaha, nikatia sabuni na chumvi, nikaifunga katika kitenge. Kwetu, nani hupanda mtumbwi mikono mitupu? Ukingoni watu walivaa kofia ngumu na makoti ya kuelea, wakicheka kama waendao arusini. Furaha akatazama kifurushi changu.

"Papa, sufuria ya nini? Tuko mu vakanse, hatukimbie vita!"

Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ndogo: "Siku ile, Mama alinivusha namna gani?"

Unajua nilichokuahidi. Ulisema habari za mto Ruzizi zibaki Ruzizi, mtoto asizibebe. Nimenyamaza miaka yote, hata aliponiuliza siku ya kukuzika. Nikapanda tu. Kiongozi wa mtumbwi, kijana mpole, akakifunga kifurushi changu kwa kamba bila kuuliza.

Nisamehe, siwaelewi watu hawa. Maji yalitupiga usoni, tukapaa, tukaanguka, nami nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Wao wakadhani naimba, wakaitikia. Nikakusikia kabisa ukinigombeza kama siku ile: "Rozari utamaliza ng'ambo. Weye, chota maji!" Na tulipofika chini salama, gari ikaturudisha juu tulikotoka, ili tushuke tena. Kwa hiari! Nani huokoka mtoni akaurudia mto uleule? Sijui kama niliona hasira ao wivu.

Mara ya pili, pale maji yanapotulia, Furaha aliacha kupiga kafi. Akanitazama, akangoja. Nikaona uso wako. Basi nikasema jambo moja, moja tu: kwamba kafi ya mvushaji ilivunjika katikati ya Ruzizi, nawe, yeye Furaha akiwa amelala mgongoni pako, ukamwaga majini unga wetu wote uliokuwa ndani ya sufuria, ukapiga kafi kwa sufuria hiyo mpaka Burundi.

Furaha akafungua kitenge, akatoa sufuria, akainama, akaanza kuyasukuma maji. Upande mmoja tu, kwa hiyo tukazunguka, tukazunguka, na wageni wakapiga makofi. Alikuwa analia ao anacheka, hata sasa sijui. Mimi vilevile.

Kama nimekukosea, niambie katika ndoto, kwa upole ukiweza. Furaha anakuja kwa sikukuu ya Noeli. Ameomba kuonyeshwa mahali penyewe. Naahidi kumpeleka mchana, na yaliyobaki nitamwambia tukiwa tumesimama ukingoni, si kabla.

Sufuria yako ile ya Ruzizi bado iko hapa nyumbani juu ya kabati, na lile bonyeo ubavuni. Sijaitumia kupika tangu uondoke. Siku nitakayompeleka mtoni nitapikia humo ugali, unga tele, na mtoto atakula wa kwanza.

Pumzika, mke wangu.

Papa Furaha