Zamu ya Maji ya Paskalina

Mjukuu wangu Naomi,

Mwaka 1983 nilipoteza mchumba na majaruba tisa ya vitunguu, na hadi leo kinachoniuma ni majaruba.

Huku Mang'ola hatujambo, na babu yako kikohozi kimemwachia. Unaniuliza kama rafiki yako Rehema anakuonea wivu, kwa kuwa amekuambia mvulana wako ana msichana mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Rafiki yangu Paskalina aliniambia, "Wee, yule mpakiaji wako wa lori ana mwenzako kule Baray." Nikamjibu, "Na wewe tafuta wako!" Tukanuniana wiki tatu. Kumbe ni kweli; akamuoa huyo wa Baray. Nikajifungia ndani, zamu yangu ya maji ya mfereji ikapita. Zamu hurudi baada ya siku nane, na jua la huku halimsubiri mtu aliyeachwa.

Nilipotoka nilidhani majaruba yangu yote ishirini yamekauka. Nikakuta kumi na moja mabichi. Paskalina alikuwa amenigawia maji ya zamu yake, na yake manne yamekufa. Nikamuuliza kwa nini.

"Nilikukasirikia wewe, sikuvikasirikia vitunguu. Haya, shika jembe, bibi harusi!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Shamba linalokulipia ada lilianzia kwenye yale kumi na moja.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Jumamosi saa nne asubuhi. Mpe jibu la neno moja: utakwenda kwa Rehema, ndiyo au hapana?

Bibi yako