Jioni Andati Alipopanda Paa Kutazama Nyota

Shauri Moyo,
Nairobi.
Jumapili, 26 Januari 1986

Mpendwa Shemeji Mulama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la Mombasa mwezi huu mnalistahimilije? Na mama watoto, kifua kimempa nafuu? Sisi tu wazima kwa kiasi, maana nyumba yenye mgonjwa haijisifu uzima.

Habari uliyoletewa na yule msafiri, kwamba ndugu yako ameuawa, si kweli. Andati yu hai. Nami nilikuwapo, basi sikiliza kwangu.

Unawajua wezi wa huku. Watu wakienda kwao kula Krismasi, wao nao husherehekea. Jirani yetu Munyoki aliporudi kutoka Kitui mwanzo wa Januari alikuta kufuli limekatwa, hata sufuria hakuachiwa. Nyumba nyingine za safu yetu zilifagiliwa vivyo hivyo. Watu wakaapa kwamba watakayemkamata hatafika polisi.

Siku hizo redio ilikuwa ikitangaza nyota yenye mkia, kwamba inaonekana magharibi jua likishatua, na ikipita hairudi mpaka wajukuu wetu wazeeke. Andati alishikwa na hamu kama mtoto. Jumamosi moja jioni stima zikapotea mtaa mzima. Wengine wakalalamika, yeye akafurahi. "Mama Khavere, giza hili ndilo nililoliomba!" Akapanda paani. Mimi nilikuwa uani nikisonga ugali.

Alitembea juu ya mabati hadi juu ya chumba cha Munyoki. Munyoki akasikia nyayo kichwani pake.

"Mwizi! Yuko juu! Wamerudi!"

Watu walimiminika na marungu, mawe na vipande vya mbao. Nami nikapaza sauti, "Andati, teremka haraka, kuna mwizi!" Nikaita tena. Ndipo nikaelewa, Shemeji, kwamba huyo mwizi wa paani ni yeye, nikautupa mwiko nikakimbia.

Jiwe lilikuwa limempata mdomoni, akaanguka chini kama gunia. Alijaribu kutaja jina lake, lakini kinywa kilijaa damu na meno. Munyoki alikuwa na nondo. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika kama kuni kavu. Mtu mmoja akaitisha mafuta ya taa.

Nilipita katikati yao kwa kucha na meno, nikamlalia. Nondo ikanishukia begani. "Ni mume wangu! Ni Andati!" Nani wa kusikia? Walikuwa wameshaonja damu. Aliyetuokoa ni Nthoki, mke wa Munyoki. Alikuja na koroboi, akatumulika, akapiga yowe. Kisha akamrukia mumewe, akamng'ata mkono mpaka nondo ikaanguka.

"Unaua Baba Khavere! Munyoki, unaua Baba Khavere!"

Umati ukayeyuka. Ukiuliza leo, kila mtu jioni ile alikuwa kazini au kanisani.

Munyoki mwenyewe akambeba Andati mgongoni hadi hospitali, na alipomfikisha akajipeleka polisi mwenyewe. Yuko rumande.

Andati ametolewa hospitali wiki hii. Mkono una plasta, na jicho la kulia daktari amesema halitaona tena. Karakana alimofanya kibarua kule Industrial Area imeshamchukua mwingine. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Munyoki yuko wapi?" Nikamjibu yuko ndani. Akageukia ukutani akalia. Kama ni hasira au huruma sijui, wala sikumwuliza.

Sasa nijibu ujumbe wako. Umesema unakuja na vijana wa bandarini, na petroli mnayo. Binamu yenu wa Makongeni amekutangulia. Ijumaa alivunja dirisha la Nthoki kwa mawe, na kioo kikampasua shavu binti yao mdogo.

Shemeji, mimi Munyoki sijamsamehe. Nikiupita mlango wake natema mate chini. Mahakama na imfunge. Lakini nyumbani mle Munyoki hayumo.

Ijumaa hiyo Andati alisikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta. Akaniambia, "Waite waje." Nikakataa. Akajaribu kuinuka kwenda mwenyewe, akaanguka. Basi nikaenda. Nthoki na watoto wake wanalala kwangu, sakafuni, kando ya kitanda cha ndugu yako. Kwa hiyo ukija kuchoma, usihangaike na mlango wa jirani, kwani hauna mtu. Bisha kwetu.

Nisalimie mama watoto, Asenath, na mzee wetu Lusweti akifika huko. Mungu awafunike kwa mkono wake, na wewe aupoze moyo wako.

Ni mimi shemejio, nikupendaye kama wa tumbo moja,
Beldina